Nyumba ya Mama Imekuwa Hisa

14 Septemba, Jumapili. Kabambare

Mvua ya kwanza imeshuka katikati ya misa, na padri akapaza sauti juu ya bati mpaka akaanza kukohoa. Baada ya chakula akaja Musafiri, mdogo wangu, tumbo moja na mimi. Yeye ndiye sababu ya kuanza kuandika hapa, maana nisipoandika nitamtukana.

Tumeuza nyumba ya mama kule Kasongo. Sikupenda, lakini mmomonyoko ulikuwa umekula ua wote na ukuta wa nyuma umeshainama. Tungengoja mvua hii, tungeuza matofali. Kila mmoja amepata dola elfu tatu. Musafiri zake amezitia zote katika shimo la dhahabu huko Lusangi. Yeye ndiye PDG wa shimo, yaani mkubwa wake: analisha wachimbaji, anatafuta watu wa kutoa fedha, na udongo wenye dhahabu ukitoka wanagawana mifuko yake. Leo amekuja kutaka na zangu, mimi yaya wake, yaani dada yake mkubwa.

"Yaya Honorine, leta franga yako. Hii shimo iko inatoa. Utakula kila juma."

"Na isipotoa?"

"Ee yaya! Mungu anakataa!"

Nimemwambia hapana. Nyumba ile ilikuwa na wapangaji. Kodi yao ndiyo iliyonisomesha baba alipotukimbia, na ndiyo iliyokuwa ikimsomesha binti yangu Sarah-Grâce katika shule ya bweni. Nataka kitu kitakachotoa kodi kama nyumba ile, bila bati la kubadilisha wala mpangaji wa kufukuzana naye. Sijui kama kipo, ila nitakitafuta mpaka nikione.

17 Septemba, Jumatano

Kipo. Chimène, binti wa shangazi yangu, anafanya kazi Nairobi kwa wakala wa hisa. Nimepanda mpaka nyuma ya shule, mahali pekee ambapo mtandao unakuja vizuri, nikasikiliza maneno yake huku mvua inanimwagikia. Hisa ni kipande cha kampuni. Kampuni ikipata faida, nyingine hukata sehemu yake na kuwagawia wenye vipande, na hiyo inaitwa gawio. Nikamrudishia: basi ni kama shimo la Musafiri! Akacheka, akasema ndiyo na hapana.

19 Septemba

Mvua. Hakuna mteja. Nimechaji simu tano tu katika duka langu la vocha na chaji.

23 Septemba, Jumanne

Kasimu, mume wangu, amesoma nami orodha ya kampuni aliyonitumia Chimène. Ya kwanza ilikuwa kampuni ya bia, inagawa vizuri mwaka hata mwaka. Akaweka kidole juu ya jina lake kama mtu anayeua mbu.

"Mama Sara, mie pombe sinywake. Sasa nitakula franga yake?"

"Wewe hutakula. Mie niko mkatoliki, nitakula peke yangu."

"Chungu iko moja mu nyumba hii."

Miaka kumi na saba tunapika sufuria moja, Ramadhani yake na Kwaresima yangu, na hatujawahi kupeana chakula ambacho mwingine hawezi kukila. Bia imeondoka. Mabenki nayo yameondoka, kwa sababu ya riba. Nimemwambia akiendelea hivi tutanunua hisa za msikiti.

30 Septemba, Jumanne

Nimechagua, na nitaandika kwa nini, ili nisije nikajidanganya baadaye.

Chimène anasukuma kitu kinachoitwa mfuko wa hisa. Ndani yake kuna mamia ya kampuni za nchi nyingi, na ukinunua kipande kimoja cha mfuko umezigusa zote; moja ikianguka husikii kitu. Kuna hata mfuko wa Waislamu, wasiotaka bia wala riba, na Kasimu alipoambiwa alifurahi kama amekuta ndugu ugenini. Lakini gawio lake ni dogo mno, halifiki mbili kwa mia. Kwenye orodha hiyo hiyo kuna kampuni ya simenti inayogawa kumi na nane kwa mia. Kumi na nane! Nikamtumia Chimène sauti: "Ndugu yangu, mbona unanipa mfupa na nyama ipo?"

Akajibu: "Uliza kwanza kwa nini ni nyingi hivyo."

Sikuuliza. Mimi ni mtoto wa Kabambare. Hapa kila mtu anajua kwamba shimo linalogawa mifuko mingi ndilo lenye dhahabu, na ndilo watu wanalolikimbilia. Nimetia nusu simenti, na nusu kwenye mfuko ili kumridhisha Chimène. Kasimu amepeleka fedha Kasongo kwa pikipiki, benki ikazituma. Pasipoti niliyofungulia akaunti ni ile niliyoitengeneza kwa hija ya Namugongo, kule Uganda, hija ambayo sikuwahi kwenda. Angalau imefanya kazi.

4 Oktoba

Mvua siku nzima. Barabara ya Wamaza imekatika.

9 Oktoba, Alhamisi

Fifi, mke wa Musafiri, ametuma picha ya godoro jipya na redio. Shimo limegawa vizuri kwa majuma mawili mfululizo. Sokoni wauza mihogo wananiuliza kama nyumba ya mama yangu imeshafika Ulaya salama. Nawajibu kwamba imefika na inawasalimu.

Nimepanda nyuma ya shule kuangalia simenti. Imeshuka.

11 Oktoba

Imeshuka tena. Mvua nayo.

15 Oktoba, Jumatano

Musafiri amekuja na suti ya bluu, suruali imejaa matope mpaka magotini. Amemletea Kasimu kilo mbili za sukari, mimi kitenge. Mvua inajaza shimo lake maji, anataka moteri ya kuyavuta.

"Yaya, ni mara ya mwisho naomba. Weka moteri, nitakutolea sehemu kila mugawo. Wewe uko unapeleka nyumba ya mama kwa watu haujue hata sura yao. Mie niko wa mutu gani? Si niko mutoto wa mama yako?"

Neno hilo limenikata. Kweli, ni nani wale? Watu wa simenti sijawahi kuwaona, na huyu nilimbeba mgongoni mpaka nikavimba mabega. Nilikipokea kitenge, nikasema nitafikiri.

Alipoondoka nikapanda kilimani na kumuuliza Chimène namna ya kuuza vyote. Akasema inawezekana, siku chache tu, lakini simenti imepoteza theluthi ya bei. Nikiuza leo, hasara ni yangu. Nina hasira naye, nina hasira na simenti, na zaidi nina hasira na nafsi yangu, kwa sababu najua ni nani aliyechagua.

16 Oktoba

Kasimu anasema nisiamue kitu nikiwa na hasira. Na mtu huyu huyu, jana tu alimpiga teke mbuzi wa jirani wa ng'ambo ya barabara.

22 Oktoba

Mvua. Sijauza. Sijanunua moteri.

28 Oktoba, Jumanne

Simenti imetoa ripoti ya mwaka, na bei imeanguka tena, sasa ni nusu. Chimène amenisomea kwa simu pole pole, kwa Kiswahili, mpaka chaji ikaisha, nikashuka dukani kuchaji, nikapanda tena. Kampuni ilipata faida ndogo sana. Lakini wenye hisa walizoea gawio nono, na wakubwa wake waliogopa kwamba wakilipunguza watu watakimbia. Kwa hiyo waliuza machimbo ya mawe ya chokaa, mawe yale yale ya kutengenezea simenti, na fedha hizo ndizo walizogawa. Ile kumi na nane kwa mia haikuwa mazao ya kampuni. Ilikuwa kampuni yenyewe, inaliwa kidogo kidogo.

"Na watu walikuwa wanashangilia," Chimène akasema.

Mmoja wao mimi. Nilishangilia kuliko wote.

1 Novemba, Jumamosi, Watakatifu Wote

Leo sitaki kuandika mengi, lakini lazima. Fifi alipita dukani kuchaji simu kabla ya kurudi Lusangi. Ana mimba ya miezi sita, amenenepa, anapendeza. Nikamuuliza, bila wazo lolote, wanawezaje kutoa udongo mwingi hivyo na maji yamejaa chini.

"Wifi, chini hawafike tena. Wako wanachukua ile ya juu. Zile poto."

"Poto gani?"

"Zile waliachaka za kushika juu. Udongo yake iko bien sana, na iko karibu."

Alikuwa anacheka. Poto ni zile nguzo za udongo ambazo wachimbaji huziacha zimesimama ndani ya shimo ili mlima usiwaangukie. Musafiri anazikata na kuzigawa. Godoro lile ni nguzo. Suti ya bluu ni nguzo. Hata kitenge changu kilichokunjwa hapa karibu yangu ni nguzo.

Kama Jumanne ile Chimène asingenisomea ripoti, leo ningemjibu Fifi: hongereni.

3 Novemba, Jumatatu

Nimerudi sasa hivi, na matope yangali mwilini. Naandika kabla sijaoga.

Tuliondoka asubuhi, Kasimu na mimi, kwa pikipiki. Mara nne tulishuka na kuisukuma. Lusangi tulifika jua limeshapanda. Musafiri alikuwa amesimama mbele ya shimo na kofia ya plastiki, wachimbaji wako ndani. Nilisikia nyundo zao chini ya miguu yangu. Nikamvuta kando.

"Toa watu. Unakata nguzo."

"Nani amekuambia?"

"Swali ni kama ni uongo."

Aliangalia chini. Halafu akaniambia jambo ambalo nililisikia siku chache zilizopita kwa sauti ya Chimène, karibu neno kwa neno.

"Yaya, wale walitoa franga wanataka yao kila juma. Nikisema juma hii hakuna, wanaenda ku shimo ya mwingine. Mie nafanya nini? Mvua ikiisha tutaweka miti. Majuma mbili tu."

"Mvua haijui majuma yako."

"Rudia kwako, yaya. Hapa iko kazi ya wanaume."

Angesema neno lingine lolote ningeendelea kumbembeleza. Lakini hilo lilinikumbusha kitu ambacho kila mtoto wa huku anakijua: mwanamke haingii shimoni. Akiingia, dhahabu inakimbia, na hakuna mchimbaji atakayeteremka tena mpaka mzee wa udongo, yule wa matambiko ya ardhi, aje na mbuzi mweupe kusafisha. Mimi siamini kwamba dhahabu ina miguu. Wao wanaamini, na leo imani yao ilikuwa na faida kuliko maneno yangu yote.

Nilivua viatu nikampa Kasimu. Alinielewa, maana alibaki mdomo wazi na hakunizuia. Nikapita katikati ya vijana waliobeba mifuko, nikashika ngazi ya miti, nikateremka mpaka kiuno, mpaka mabega, mpaka juu nikaona duara la mbingu tu. Kuta zilikuwa zinatoa maji. Nilikuwa na hofu, naiandika wazi wazi. Nikapiga kelele kwa sauti ile ninayomwitia Sarah-Grâce:

"Ni mie, Honorine! Mwanamuke ameingia!"

Nyundo zilinyamaza. Halafu wakaanza kupanda wote, wananitukana kwa Kiswahili, Kibangubangu na Kifaransa, mmoja akinipita ngazini na kunikanyaga kidole. Nilitoka, wakatoka nyuma yangu mpaka wa mwisho. Musafiri alikuwa analia kwa hasira. Aliniita jina ambalo sitaliandika, nami ndiye niliyeuza mashine yangu ya kushona ili afanye harusi.

Mzee wa udongo yuko Wamaza na barabara imekatika. Mpaka afike, shimo limefungwa. Hilo ndilo nililotaka.

5 Novemba

Mvua. Kidole kimevimba. Dukani hawaji, wananipita upande wa pili wa barabara.

6 Novemba

Mvua.

7 Novemba

Kasimu amesali Ijumaa, akarudi akasema imamu amemuuliza mkewe ana wazimu gani. Alimjibu: "Ule ule wa siku nilimuoa." Nilicheka kwa mara ya kwanza juma hili.

9 Novemba, Jumapili

Shimo limeanguka. Saa sita mchana, mvua inanyesha, Fifi alinipigia na sikuelewa kitu kwa kilio chake. Nilimuuliza jambo moja tu, nani yuko ndani. Hakuna. Hakuna mtu. Mzee na mbuzi wake walikuwa bado njiani. Mlima umekaa chini kama mtu aliyechoka, na pale palipokuwa na ngazi hapajulikani.

Nilipiga magoti hapo hapo kati ya chaja na vocha. Kasimu alipiga yake karibu yangu, akiangalia upande wake. Tulimshukuru Mungu yule yule.

14 Novemba, Ijumaa

Nilidhani watakuja kuniambia asante. Mimi mjinga.

Watu wanasema shimo limeanguka kwa sababu mwanamke aliingia. Waliotoa fedha wanataka nilipe. Kamati ya machimbo imeniita Alhamisi.

20 Novemba, Alhamisi

Waliniketisha kwenye benchi peke yangu. Nilieleza nguzo, zilivyokatwa na kwa nini. Mwenyekiti akasema: "Mama, wewe uliziona?" Sikuziona; kulikuwa na giza. Nikasema: muulizeni mwenye shimo. Wote wakamgeukia Musafiri, aliyeketi mlangoni na suti yake ya bluu. Nami nilimwangalia. Alikuwa anajua. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na angelisema, waliotoa fedha wangemvua mpaka shati.

Hakusema. Aliangalia viatu vyake mpaka mwenyekiti akakohoa.

Faini yangu: mbuzi, na dola mia saba kwa waliopoteza. Nimekubali kulipa. Kasimu alitaka kubishana, nikamshika mkono. Nilichokitaka nimeshakipata, wako hai wote, hata yule aliyenikanyaga, na yeye ndiye aliyepiga meza zaidi ya wengine. Lakini mdogo wangu simsamehe. Naandika kwa kalamu nyekundu ili nisisahau.

22 Novemba

Nimeuza simenti yote. Ilibaki chini ya nusu ya nilichotia, na faini imekula karibu yote. Mfuko sijaugusa. Chimène aliniuliza kama nataka kuacha kabisa. Nimemwambia kuacha ni kwa watu ambao bado hawajalipa ada ya shule hii ya hisa. Mimi yangu nimeshailipa.

29 Novemba

Nimeanza kuoka mikate na kuiuza dukani, ili ada ya Sarah-Grâce ya muhula ujao itoke humo. Mfuko hauwezi kuitoa mwaka huu. Nilitaka nyumba iliyokamilika, yenye wapangaji ndani. Kumbe nimenunua msingi. Sawa. Nitajenga.

8 Desemba, Jumatatu

Gawio la kwanza la mfuko limeingia: dola sita na senti. Halinunui hata kiatu kimoja cha shule. Nilimwonyesha Kasimu, akasema, "Bismillahi," kwa uso wa mtu aliyeletewa ng'ombe. Nimelirudisha lote humo humo, pamoja na kidogo kilichobaki cha mikate baada ya kutenga ada.

13 Desemba, Jumamosi

Musafiri amekuja. Bila suti. Bila pikipiki. Alisimama mlangoni mpaka Kasimu akamvutia kiti, na mimi nikaendelea kukanda unga.

"Yaya. Asubuhi nilienda ku komite. Niliwaambia poto nilikata mie."

Mikono yangu ikasimama.

Wamemchukulia pikipiki, redio, na lile godoro. Hakuna mchimbaji atakayemfuata tena popote. Anaenda Wamaza kulima mpunga kwa baba mkwe. Nikamuuliza kwa nini amesema leo, na si siku ile nilipokuwa kwenye benchi. Akasema mmoja wa waliotoa fedha alikuja kumwomba wafungue shimo lingine karibu na lile, alikuwa na fedha mkononi, alizopata kwa kuuza shamba lake. "Alikuwa ananiamini, yaya. Sikuweza kumuangalia."

Nililia, naye akalia, Kasimu akatoka nje kuangalia mvua ambayo haikuwepo.

Baadaye alitaka kujua na mimi fedha zangu zilinifikisha wapi. Nikamweleza yote: mfuko, dola sita, simenti iliyokuwa inajila yenyewe na jinsi nilivyoiuza kabla haijaisha. Nilieleza kwa majivuno kidogo. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza:

"Ile simenti, uliuzisha kwa nani?"

"Sijui. Kule mtu haonekani. Kuna mtu alinunua."

"Ulimuambia poto zimekwisha?"

"Musafiri, ripoti iko wazi. Kila mtu anaweza kuisoma."

Akatikisa kichwa pole pole, bila ubaya wowote.

"Na shimo yangu ilikuwa wazi, yaya. Kila mutu angeweza kuchungulia."

Nilifunika unga, nikampakulia wali, na tukala sote watatu, nami nikimwaza mtu yule aliyenunua.